Trei ya Mayai Yamponza Staa: Eti Kafulia Kisa Mbwa Wake Hana Midoli ya Dukani

Wiki nzima hii Insta haikuwa na habari nyingine. Sio penzi jipya, sio ndinga mpya, sio bifu la studio. Ni trei ya mayai. Ile ya kijivu inayorundikwa nje ya kila kibanda cha chipsi mjini. Mwigizaji mmoja wa filamu za Bongo, yule mwenye mjengo pande za Mbezi na mapozi ya kila Jumapili, aliposti kipande kifupi cha video: mbwa wake wa German Shepherd kajilaza sakafuni, pua imezama kwenye trei, anaokota dagaa mmoja mmoja kwenye vishimo. Pembeni yake kuna kamba nene iliyosukwa kwa vipande vya fulana kuukuu. Basi. Hakuna kingine.

Kufika jioni watu walishamfungulia kesi. Kafulia. Mjengo uko mbioni kupigwa mnada. Yule mfadhili aliyekuwa akimlipia tiketi za Dubai kaingia mitini. Kuna aliyeuliza kama hao dagaa nao wamekopwa gengeni. Mwingine akafukua picha za mwaka juzi, staa akiwa uwanja wa ndege na mabegi ya bei mbaya, akaibandika na ile trei pembeni ili watu waone mtu alikotoka na alipofika. Povu lilikuwa jingi mpaka mashabiki wake wa kufa na kuzikana wakaanza kumtetea kwa hoja mbovu kuliko za washitaki. Eti ile trei sio ya hapa, kaja nayo kutoka nje.

Petroli ikaja kumwagwa na mrembo mwingine, yule anayeuza sura kwenye video za Bongo Fleva. Siku ya pili tu naye kamtoa mbwa wake, kale kadogo keupe kenye utepe kichwani, kamekaa katikati ya kapu la midoli ya kuagizwa. Mifupa ya mpira, bata anayelia akibonyezwa, mipira ya kila rangi, na vikaratasi vya bei bado vinaning'inia ili asiyejua ajue. Chini kaandika kwamba mtoto wake hachezei vya jalalani. Hakutaja jina. Mjini hapa nani anataja jina?

Basi timu zikagawanyika, na kama kawaida hakuna timu iliyomfikiria mbwa. Ukiuliza upande wa mbwa, mwigizaji alikuwa sahihi kwenye hiyo trei kuliko wote waliomcheka. Ila kuna mahali kachemka, tena vibaya, na huko ndiko wadau hawakutaka kuangalia kwa sababu hakuna ubuyu.

Tuanze na bei. Mbwa hajui bei. Hata hizo rangi zinazopangwa kwenye kapu zivutie kamera, nyingi hazioni kama binadamu anavyoziona. Macho ya mbwa yanashika vizuri bluu na njano. Nyekundu na kijani kwake zinafanana, zinakuja kama rangi fulani ya udongo udongo. Yule mpira mwekundu wa bei ukirushwa kwenye nyasi, mbwa anaufuata kwa mwendo na kwa pua, sio kwa wekundu wake. Kipande cha khanga ya bluu iliyochakaa anakiona vizuri zaidi. Anayenunuliwa midoli kwenye kapu lile ni yule anayetazama simu.

Halafu kuna kitu kinachekesha ambacho wenye kapu hawakijui. Kile kidoli cha mpira kilichojulikana dunia nzima, chenye umbo kama la mviringo tatu zilizopandana na tundu katikati la kuwekea chakula, kile kinachoitwa Kong, asili yake ni chakavu ya gereji. Mmarekani mmoja wa Colorado, Joe Markham, miaka ya 1970, alikuwa na mbwa wake wa German Shepherd aitwaye Fritz ambaye alikuwa na ugonjwa wa kutafuna mawe, meno yanakwisha. Jamaa akiwa anatengeneza basi lake la Volkswagen akawa anatupa vipuri, na mbwa akakidaka kipande cha mpira cha kwenye mfumo wa springi za gari, akakataa kukiachia. Biashara yote ikazaliwa hapo. Kwa hiyo mrembo anaposema vya jalalani, aangalie vizuri ndani ya kapu lake mwenyewe. Inawezekana kabisa kuna mjukuu wa spea ya gari humo.

Sasa, ile trei inafanya kazi gani hasa? Watu wengi waliocheka wanadhani mchezo wa mbwa ni kukimbiza mpira tu. Mbwa anaishi kwa pua. Ukimpa chakula kwenye bakuli anakimaliza kabla hujageuka, na baada ya hapo siku nzima hana shughuli. Chakula kile kile ukikisambaza kwenye vishimo 30 vya trei, ukafunika kwa trei nyingine juu yake au kwa vipande vya gazeti vilivyofinyangwa, tayari umempa kazi. Ananusa, anafikiri, anachana, anapata kimoja, anaanza upya. Akimaliza anaenda kulala mwenyewe bila kufukuzwa. Hiyo ndiyo video yenyewe iliyomfanya mtu aitwe kafulia.

Na hapa ndipo pa kusema ukweli kidogo kuhusu mbwa wa mjini. Wengi wao, wa kwa mastaa na wa kwa watu wa kawaida, maisha yao ni mnyororo. Asubuhi anafungwa kwenye banda la nyuma, jua linamzunguka, usiku anafunguliwa alinde geti. Ndio ratiba, mwaka mzima. Mbwa huyo akianza kubweka mchana kutwa, akifukua maua, akitafuna bomba la maji au khanga ya dada wa kazi iliyoanikwa, anaambiwa mtukutu. Anachapwa. Anaongezewa mnyororo mfupi. Kuna wanaomuuza na kununua mwingine, naye anaingia kwenye ratiba ile ile. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini nenda kwenye geti lolote uulize nani anaijua. Mnyama mwenye akili ya kujifunza amri, jina lake na mlio wa gari la tajiri yake kutoka mbali, anakaa saa 12 akitazama ukuta. Nani asingetafuna bomba?

Ndiyo maana trei ya bure kwa muuza chipsi inaweza kumsaidia mbwa kuliko kapu. Sio kwa sababu ya unyenyekevu wa mwigizaji, wala hakuwa na nia ya kufundisha mtu. Inasaidia kwa sababu leo inachanwachanwa na kesho inapatikana nyingine. Mdoli wa bei mwenye nyumba anauficha kabatini usiharibike. Mbwa anaonyeshwa siku za kupiga picha tu.

Lakini sasa kwenye kuchemka.

Baada ya kuona namba zimepanda, mwigizaji akataka kula na ya pili. Siku tatu baadaye akaposti video nyingine, safari hii ya mafunzo kabisa, yenye muziki na maandishi. Chupa ndogo ya maji, kifuniko chake kimebanwa, inatumbukizwa kwenye soksi, juu inafungwa kwa uzi wa nailoni. Ukiibonyeza inatoa ule mlio wa kukwaruza ambao mbwa wanaupenda. Ndani ya soksi kaongeza na gunzi la mahindi ya kuchoma, eti lina harufu nzuri. Watu waliopenda video hiyo walikuwa wengi kuliko waliocheka ya kwanza. Safari hii hakuna aliyesema kafulia, maana ilikuwa na muziki.

Dada mmoja wa Tabata, shabiki wake wa siku nyingi, akaiga kila kitu kama kilivyo. Yeye hana German Shepherd. Ana kitoto cha mbwa cha miezi mitatu alichopewa na jirani, mbwa wa kienyeji wa kawaida, rangi ya mchanga. Akampa soksi ile jioni akaingia ndani kupika. Aliporudi, soksi ilikuwa imebaki nusu na uzi haupo. Usiku mbwa akaanza kutapika. Asubuhi hali, hanywi, kajikunja mgongo kama mtu mwenye tumbo la kuhara, ila hakuna kinachotoka. Jirani wakamwambia ampe maziwa, mwingine akasema mafuta ya kula. Siku ya pili ndio akafika kwa daktari wa mifugo, na ikabidi apasuliwe. Ndani kulikuwa na uzi, kipande cha soksi na kifuniko cha chupa.

Dada yule aliweka picha, mbwa kafungwa bendeji kiunoni, akamtag staa wake. Hakumtukana. Aliuliza tu kama yule mbwa wa kwenye video alipewa soksi ile kweli au ilikuwa ya kupigia picha.

Ndani ya saa moja video ilifutwa. Hakuna maelezo, hakuna pole, na dada wa Tabata akajikuta hawezi tena kuona ukurasa wa staa wake. Hapo mwigizaji kafanya jambo la hovyo, na afadhali angeitwa kafulia. Kufuta hakuwafikii wale waliokwisha kuitazama na kuweka soksi mfukoni. Ilitakiwa posti moja tu ya kusema jamani ile ya soksi msifanye, na sababu zake hizi hapa.

Sababu zenyewe sio siri. Uzi ndio mbaya kuliko vyote, ingawa unaonekana kitu kidogo. Upande mmoja unashikwa tumboni au chini ya ulimi, upande mwingine unaendelea na safari, na utumbo unajikunja kuufuata kama kiuno cha suruali kinavyojikunja ukivuta kamba yake. Unaweza kukata utumbo kutokea ndani. Ndiyo maana ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma kwa mbwa, hauvutwi, hata kwa huruma. Ni kumbeba kwenda kwa daktari. Soksi nayo inamezwa nzima, mbwa wakubwa wanaimeza kama tonge. Kifuniko cha chupa na ile pete yake ya plastiki vinapita kooni na kukwama mbele ya safari. Chupa ikishatafunwa inatoa ncha kali.

Na gunzi! Hili linastahili aya yake kwa sababu mjini hapa gunzi linatupwa kila kona, na kila mtu anaona ni zawadi ya mbwa. Gunzi haliyeyuki tumboni. Mbwa analikata vipande viwili vitatu, anameza, na kipande kinaziba utumbo kama kizibo. Kokwa la embe ni ndugu yake, msimu wa maembe ndio balaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vijiti vijiti vyenye ncha. Kila anayefuga mbwa ana mjomba anayesema mbwa wetu kijijini walikula vyote hivyo na hawakufa. Waliokufa hakuna aliyewapasua kujua kilichowaua.

Kuna walioshauri mpira wa chandimu, ule wa matambara yaliyofungwa kwa nailoni na kamba, ambao nusu ya wachezaji wa mtaani walianzia nao. Kwa mtoto sawa. Kwa mbwa ni kapu la hatari lililofungwa vizuri: mifuko, kamba, nyuzi, vyote vya kumezeka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini nailoni za kufungia zipo tele na mbwa anazipata. Tairi la baiskeli nalo lina waya ndani. Mpira wa tenisi wa kudakia sio mbaya kwa dakika kumi, ila usiachiwe mbwa autafune, ule uso wake wa manyoya unasaga meno kama msasa, na kwa mbwa mkubwa unaingia kooni.

Kwa hiyo mtu atengeneze nini? Kile kile kilichokuwa kwenye video ya kwanza, ambacho watu walikuwa wanakicheka hawakukiangalia.

Ile kamba kwanza. Inataka fulana nene ya pamba, hata ya mtumba iliyotoboka. Vifungo, zipu, lebo na ule mpira wa shingoni vinatolewa vyote. Inakatwa vipande virefu vyenye upana wa vidole vinne hivi, kwa mbwa mkubwa fulana mbili au tatu pamoja. Vinagawanywa mafungu matatu, vinafungwa fundo moja zito juu, mtu mwingine anashika au linafungwa kwenye nondo ya dirisha, halafu zinasukwa kama nywele, kwa nguvu, zikaze hadi vidole viume. Ukisuka legelege mbwa anaingiza jino katikati na kazi imekwisha. Chini fundo lingine. Ncha zinazobaki zinakatwa fupi. Unene wake uwe wa kujaza mdomo wa mbwa wako, sio wa kuingia wote. Inafuliwa kwa maji ya moto, inaanikwa juani. Siku inapoanza kuachia nyuzi, inatupwa, hata kama mbwa anaipenda, hata kama jana tu ulisifiwa nayo.

Kwa vitoto ina kazi ya ziada. Kitoto cha mbwa kina meno 28 ya utoto, yanang'oka na kuota 42 ya ukubwani, na kati ya miezi minne na sita fizi zinamwasha hadi anatafuna miguu ya meza. Kamba ile ile ikilowekwa maji, ikakaa friza hadi ikaganda, inamtuliza. Umeme ukikatika basi, maji ya baridi tu. Na mtu anakaa naye. Hiyo ya kumwachia na kwenda kupika ndiyo iliyompeleka wa Tabata kisuni, na wala halikuwa kosa lake, video haikumwambia.

Trei ichaguliwe safi, isiyo na yai lililopasuka wala kinyesi cha kuku. Muuza chipsi anazo nyingi, ukimwomba kistaarabu anakupa. Dagaa wasiwe wa chumvi. Mbwa anayechana na kutema hana shida. Mbwa anayechana na kumeza karatasi, huyo mchezo wake sio trei, apewe taulo kuukuu: litandazwe chini, vipande vya chakula vitawanywe juu yake, likunjwe kama mkeka, aachiwe alifungue kwa pua, halafu lichukuliwe. Au boksi la viatu lililojaa vipande vya magazeti ya udaku, gamu ya plastiki na pini za boksi zikiwa zimetolewa. Magazeti hayo hatimaye yapate msomaji makini.

Joto hili la Dar likizidi, kuna barafu. Bakuli la plastiki, maji ya kuchemshia mifupa yasiyo na chumvi, vipande vya nyama ndani, friza usiku mmoja, kesho mbwa analamba nusu saa. Ila supu iliyobaki mezani hapana. Vitunguu, vya maji na swaumu, vinaharibu damu ya mbwa. Wanaopaka siagi ya karanga wasome kwenye kopo, hizi za nje zisizo na sukari nyingine zina zailitoli, ile inayowekwa pia kwenye baadhi ya bigijii, na kwa mbwa ni sumu hata kidogo tu.

Kitu kimoja wadau walimshauri mwigizaji ambacho kinafaa kikataliwe kwa kicheko: ampe mbwa raba kuukuu. Mbwa hajui kuukuu. Anachojifunza ni kwamba kitu chenye harufu ya mguu wa tajiri ni halali yake, na siku ya tuzo ataikuta ile pea mpya mlangoni.

Kuna na wale waliosema kwenye nyumba zao mate ya mbwa hayaguswi kabisa, kwa imani zao, na wanafuga kwa ajili ya ulinzi tu. Wamejibiwa vibaya bila sababu. Kwao ndio trei inafaa kuliko kamba. Inatupwa bandani kwa mbali, mbwa anashughulika, mabaki yanakokwa kwa reki na kuchomwa. Hakuna anayegusana na mwingine na mbwa kapata siku yake.

Tukirudi kwa mrembo wa kapu. Juzi usiku aliingia mubashara kuonyesha mdoli mpya uliofika kwa ndege. Kaufungua mbele ya watu, kauweka chini, kale kambwa kakaunusa mara moja, kakauruka, kakaingia ndani ya boksi ulimokuja. Kakaanza kulichana. Dakika nzima mrembo anakaita kwa majina ya mapenzi, kenyewe kako bize na boksi. Mubashara ikakatika ghafla, eti mtandao. Walioirekodi wameirekodi. Pesa ya kapu lile ingelipia chanjo ya kichaa cha mbwa kwa mbwa kadhaa wa mtaani kwake, lakini chanjo haipigwi picha vizuri.

Limebaki moja ambalo wapelelezi wa mitandao waliligundua mapema na kulipita haraka. Mwigizaji ana kucha ndefu za kubandika, zile zinazomfanya ashindwe hata kufungua soda. Kwenye video ya kwanza, mikono inayopanga dagaa kwenye trei ina kucha fupi, mikavu, na kovu dogo kwenye kidole gumba. Ni ya kijana wa kazi pale nyumbani. Anayekaa jirani amesimulia kwamba kijana huyo ndiye anayemlisha mbwa, ndiye anayemwogesha, na alianza kusuka zile kamba muda mrefu kabla ya video yoyote, baada ya mbwa kumtafunia ndala zake za pekee. Trei alikuwa anaziomba kwa muuza chipsi wa barabarani. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa anamwangalia mbwa tu, jinsi anavyochoka na jinsi anavyochangamka.

Ile ya soksi, kwa maelezo hayo hayo, hakuitengeneza yeye. Siku hiyo alikuwa likizo, kaenda kwao.

Sasa staa kapata dili la ubalozi wa chakula cha mbwa, na hongera zake, kazi ni kazi. Lakini dili hilo limekuja kwa maarifa ya mtu ambaye mshahara wake pengine haufiki bei ya kucha zile kwa mwezi. Kumtaja jina hakugharimu kitu. Kumwongezea mshahara kunagharimu kidogo, na ni kidogo kuliko alichokipata. Mashabiki waliompigania usiku na mchana kwamba hajafulia wangemuuliza na hili, tungejua kama kweli hajafulia.

Mbwa wa Tabata katolewa nyuzi za mshono juzi. Anakula uji, anafukuza kuku. Dada yake kampatia kamba ya fulana, nene, kaisuka mwenyewe akiwa kakaa naye mlangoni.

Na kwenye video ya jana ya mwigizaji, ile mikono yenye kovu inaonekana tena, inasuka kamba ya pili, ya bluu. Mbwa kalaza kichwa kwenye goti la mwenye mikono. Maelezo ya chini yana mioyo mitatu, jina la chakula cha mbwa, na jina la mwigizaji mwenyewe.